Bidhaa Ikishauzwa ni ya Nani?
Historia fupi ya alama za biashara, wachuuzi na milango ya masoko

Tangu Chama chetu Kikuu kilipoanza kukaanga kahawa na kuifunga katika pakiti zenye alama yake, swali moja halikosi kuulizwa katika mikutano ya vyama vya msingi. Mwanachama husimama akasema: "Bwana Mwenyekiti, kahawa yetu yauzwa katika soko la mtandao na mtu asiyekuwa wakala wetu, tena kwa bei iliyo chini ya bei ya mawakala. Kwa nini Chama hakimzuii?" Mawakala nao huleta malalamiko yayo hayo, na husema kwa uchungu zaidi, maana wao ndio waliolipa kodi ya duka, wakaajiri vijana wa kuuza, wakawaonjesha watu kahawa bure mpaka jina lake likajulikana.

Swali hili ni la haki, lakini jibu lake si jepesi. Wenzetu walioandika kurasa nyingine za kijitabu hiki wameeleza habari za maghala, mizani na gawio katika miaka hii kumi. Sisi tumepewa kazi ya kueleza swali hili lilikotoka. Tumeona kuwa lina umri mkubwa kuliko mtandao wenyewe, tena ni swali ambalo washirika wamewahi kusimama katika pande zake zote mbili. Ndiyo sababu yatupasa kulitazama kwa uangalifu kabla hatujanyosha mikono kupiga kura ya kumfukuza mtu sokoni.

KITABU CHA DOLA MOJA

Katika mwaka 1904 kampuni ya Bobbs-Merrill ya Marekani ilitoa riwaya iitwayo The Castaway. Ndani ya kila nakala lilipigwa chapa tangazo kwamba bei ya rejareja ni dola moja, na kwamba muuzaji atakayeiuza chini ya bei hiyo hana idhini, naye atahesabiwa kuwa amevunja haki ya mwenye kitabu. Ndugu wawili wa ukoo wa Straus, waliokuwa wenye duka kubwa la Macy's mjini New York, walinunua nakala nyingi kwa wauzaji wa jumla, wakaziuza kwa senti 89. Kampuni ikawashtaki.

Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo katika mwaka 1908 ikaamua kwamba haki ya kuuza aliyopewa mwenye kitabu haimpi mamlaka ya kupanga bei ya kila mkono utakaokuja baadaye. Akishauza nakala kwa bei aliyoridhika nayo, tangazo lililopigwa chapa ndani ya jalada haliwezi kumfunga mtu ambaye hakufanya mapatano naye. Nchi nyingi zina kanuni iliyo karibu na hiyo katika mambo ya alama za biashara: haki ya mwenye alama juu ya kitu fulani hukoma pale kitu hicho kiuzwapo mara ya kwanza kwa ridhaa yake. Anunuaye jembe aweza kulilimia, kulitoa zawadi au kuliuza, wala hana haja ya kumwomba ruhusa aliyelifua.

Uzito wa kanuni hii waonekana tukifikiri kinyume chake. Kama mali ingebaki katika amri ya mtengenezaji hata baada ya kulipwa thamani yake, pasingekuwa na biashara ya mitumba, na mnunuzi asingejua kama alichokinunua ni chake. Lakini watengenezaji nao walikuwa na hoja ambayo mawakala wetu wangeiunga mkono. Muuzaji anayeonyesha bidhaa, akafundisha matumizi yake na kuitengeneza inapoharibika, hubeba gharama. Jirani yake asiyebeba gharama hizo aweza kupunguza bei na kula jasho la mwenziwe. Katika mwaka 1911, katika shauri la kampuni ya dawa ya Dr. Miles, Mahakama ile ile iliwakatalia watengenezaji kufunga mapatano na wauzaji wao juu ya bei isiyoweza kushushwa. Katika mwaka 2007, katika shauri la kampuni ya Leegin iliyouza mikanda na mikoba ya ngozi, ikageuza msimamo huo, ikasema kila mapatano ya namna hiyo yapimwe kwa faida na madhara yake. Hukumu ya kwanza ilisimama miaka 96 kabla ya kuondolewa, na hata hiyo ya pili haikupata kura za majaji wote.

SIKU WASHIRIKA WALIPONYIMWA MALI

Sasa twende Uingereza, mahali ambapo kila mshirika hujifunza historia yake. Tarehe 21 Desemba 1844 wafanya kazi wa mji wa Rochdale walifungua duka lao katika njia iitwayo Toad Lane. Desturi yao ilikuwa kuuza kwa bei ya kawaida ya soko, kisha kuwarudishia wanachama ziada kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Gawio hilo ndilo lililoueneza ushirika katika nchi ile, na ndilo lililouletea maadui.

Katika mwaka 1896 wafanya biashara ya dawa wa Uingereza waliunda chama kiitwacho Proprietary Articles Trade Association, ili dawa zenye majina ya biashara zisiuzwe chini ya bei iliyopangwa. Muuzaji aliyekiuka alinyimwa mali. Duka la ushirika halikupunguza bei mezani, lakini mwisho wa kipindi lililipa gawio. Na watu wa chama kile wakasema kwamba gawio ni punguzo lililopitishwa mlango wa nyuma. Hivyo washirika, ambao hawakumdanganya mtu wala kuuza kitu bandia, wakatiwa katika hesabu ya wauzaji wasiofaa.

Ugomvi huo ulionekana wazi zaidi katika biashara ya redio. Co-operative Wholesale Society ya Manchester, iliyoyapatia maduka ya ushirika mali kwa jumla, ilikuta watengenezaji wa redio wanakataa kuyauzia maduka hayo maadamu yanalipa gawio. Washirika hawakuliacha gawio. Katika mwaka 1933 walitoa redio yao wenyewe, wakaiita Defiant, maana yake "isiyokubali kutishwa". Redio hizo ziliuzwa kwa miaka mingi katika maduka yao. Hatimaye, katika mwaka 1964, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoletwa na Edward Heath, aliyekuwa akisimamia wizara ya biashara, ya kuwaondolea watengenezaji uwezo wa kulazimisha bei ya rejareja, isipokuwa kwa bidhaa chache ambazo mahakama ingezisamehe, kama vile vitabu na dawa.

Habari hii tumeiweka mbele kwa makusudi. Mtu akitamka leo maneno "muuzaji asiye na idhini", sisi washirika tukumbuke kwamba maneno hayo yaliwahi kutumika juu ya babu zetu katika ushirika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

SOKO LISILO NA UKUTA

Katika mwaka 1995 makampuni mawili ya Marekani yalianza kazi katika mtandao: Amazon, iliyouza vitabu, na eBay, iliyowakutanisha wauzaji na wanunuzi kwa mnada. Katika mwaka 2000 Amazon nayo ikawaruhusu watu wengine kuuza kando ya mali yake. Tangu hapo mchuuzi wa chumba kimoja aliweza kumfikia mnunuzi aliye maelfu ya maili mbali naye.

Jambo moja la soko hili halikuwapo katika masoko ya kale. Katika Amazon, bidhaa moja huwa na ukurasa mmoja, na wauzaji wengi hukaa nyuma ya ukurasa huo wakishindana. Mnunuzi huona picha ya mtengenezaji, na mara nyingi hajali ni nani hasa aliyemtumia mzigo. Tena kwa miaka mingi mali za wauzaji mbalimbali zenye alama moja ya mistari ziliweza kuchanganywa katika ghala moja. Mkulima wa kahawa haelezwi ubaya wa jambo hili. Gunia moja la kahawa iliyooza likimwagwa katika rundo safi, anayekwenda kulaumiwa ni kila aliyeleta rundo lile.

Nazo mali za wachuuzi hao zilitoka wapi? Nyingine zilikuwa bandia, na juu ya hizo hapana ubishi. Lakini nyingi zilikuwa halali: wakala aliagiza kuliko alivyoweza kuuza, akamwachia mtu wa jumla ziada, duka lilifilisika, mali yake ikauzwa kwa mkupuo, au mtu aliona bidhaa imeshushwa bei katika duka la mtaani, akaichukua yote akaiuza mtandaoni. Mwenye chapa aliziona zote kama uvamizi mmoja. Mahakama ziliziona mbalimbali.

Kampuni ya vito ya Tiffany iliishtaki eBay huko New York katika mwaka 2004, ikitaka mwenye soko abebe lawama ya vito bandia vilivyouzwa humo. Hukumu ya mwaka 2008, iliyothibitishwa kwa sehemu kubwa na mahakama ya rufani mwaka 2010, ilisema kwamba eBay ilipopewa habari ya tangazo fulani na kuliondoa, ilitimiza wajibu wake. Kazi ya kulinda jina ni ya mwenye jina. Lakini katika mwaka huo huo wa 2008 mahakama ya biashara ya Paris iliiamuru eBay iyalipe makampuni ya kundi la LVMH zaidi ya yuro milioni 38, na sehemu ya madai hayo ilihusu manukato halisi yaliyouzwa nje ya maduka yaliyochaguliwa na watengenezaji. Rufani ya mwaka 2010 ilipunguza sana fedha hizo. Soko lilikuwa moja na mwaka ulikuwa mmoja, lakini kila nchi iliamua vyake.

Katika mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la L'Oréal na eBay, iliweka alama za njia. Ilisema kwamba chupa za kujaribia manukato, ambazo mawakala hupewa bure, hazihesabiwi kuwa zimeingizwa sokoni, basi mwenye chapa aweza kuzuia zisiuzwe. Aweza pia kuzuia bidhaa iliyovuliwa kasha lake, ikiwa kuvuliwa huko kumeondoa habari zinazotakiwa na sheria au kumelivunjia jina heshima. Na mwenye soko anayesaidia kuyapamba matangazo ya wauzaji au kuyatangaza hawezi kujitetea kwamba yeye alikodisha meza tu.

MPAKA WA NCHI NA HALI YA MALI

Kuna mashauri mengine mawili yanayofaa kujulikana na kila chama kinachouza nje. Katika mwaka 1995 kampuni ya Silhouette ya Austria iliuza fremu 21,000 za miwani zilizopitwa na wakati kwa kampuni ya Bulgaria, kwa mapatano kwamba zisiuzwe isipokuwa Bulgaria na katika nchi zilizokuwa za Urusi ya Kisovieti. Kabla ya mwaka kwisha fremu hizo zilikuwa zikiuzwa Austria katika maduka ya Hartlauer, yaliyojulikana kwa bei nafuu. Mahakama ya Ulaya ikaamua mwaka 1998 kwamba haki ya mwenye alama hukoma kwa mali iliyouzwa kwanza ndani ya eneo la uchumi la Ulaya. Iliyouzwa kwanza nje ya eneo hilo aweza kuizuia isirudi.

Shauri la pili lilihusu chokoleti za Perugina. Zile zilizotengenezwa Italia ziliuzwa Puerto Rico na wakala aliyeidhinishwa. Mfanya biashara mwingine akaleta huko chokoleti za jina hilo hilo zilizotengenezwa Venezuela kwa idhini, ambazo zilitofautiana na zile kwa mchanganyiko, ukaguzi, makasha na bei. Katika mwaka 1992 mahakama ya rufani ya Marekani ilisema kwamba mnunuzi huamini jina kwa sababu ya kile alichozoea kukipata ndani yake. Tofauti ambayo mnunuzi angeijali yatosha kumpa mwenye alama haki ya kuzuia. Kwa hiyo hata mali isiyo bandia yaweza kuzuiwa, ikiwa mnunuzi hapati kile alichokidhania.

BAWABU MLANGONI

Wenye chapa walipoona mahakama ni njia ndefu, waligeukia njia nyingine: kupatana na mwenye soko ili asimruhusu kila mtu kuingia. Hapo ndipo lilipozaliwa soko la mtandao lenye bawabu.

Katika Ulaya walianza kwa kuwafunga mawakala wao. Mahakama ilikuwa imesema mwaka 2011, katika shauri la Pierre Fabre, kwamba kumkataza wakala kabisa asiuze kwa mtandao ni kuzuia ushindani. Lakini tarehe 6 Desemba 2017, katika shauri la kampuni ya Coty na duka moja la manukato la Ujerumani lililotaka kuuza kupitia Amazon, ilisema kwamba mwenye bidhaa za anasa aweza kuwakataza mawakala wasiuze katika soko la mtu mwingine, mradi sharti hilo liwe moja kwa wote, lisivuke kiasi, na liwe la kulinda heshima ya bidhaa.

Wengine walihama soko. Kampuni ya viatu ya Birkenstock ilitangaza mwaka 2016 kwamba tangu Januari 1, 2017 haitauza tena katika Amazon ya Marekani, kwa sababu ya bidhaa bandia na wauzaji wasio na idhini. Mwaka huo wa 2017 mkuu wake wa huko, David Kahan, aliwaandikia wauzaji wake barua ya ukali aliposikia kuwa Amazon inawaomba waiuzie mali: atakayeuza hata jozi moja kwa njia hiyo atafungiwa daima. Nike ilifanya jaribio la kuiuzia Amazon moja kwa moja mwaka 2017 ili wachuuzi waondolewe, kisha mwaka 2019 ikaliacha.

Amazon nayo ilijenga mlango. Katika mwaka 2017 ilitengeneza upya daftari la wenye chapa, ambamo mwenye alama iliyosajiliwa aweza kusimamia kurasa zake na kuleta malalamiko. Ikaanzisha pia mpango wa kutia namba ya pekee katika kila kipande cha bidhaa, ili kikaguliwe kabla ya kumfikia mnunuzi. Kisha Novemba 2018 ilipatana na Apple: tangu Januari 4, 2019 waliokubaliwa kuuza mali za Apple humo wawe Amazon yenyewe na wauzaji walioidhinishwa. Watu wengi waliokuwa wakinunua simu na kompyuta kuukuu, wakazitengeneza na kuziuza kwa haki, waliamka wakakuta meza zao zimeondolewa.

Serikali hazikulinyamazia jambo hilo. Mamlaka ya ushindani ya Italia mwaka 2021 iliyatoza makampuni hayo mawili faini ya zaidi ya yuro milioni 200. Mahakama ya utawala mjini Roma ikaifuta mwaka 2022. Katika mwaka 2023 mamlaka ya Hispania iliyatoza faini ya zaidi ya yuro milioni 194, ikisema kwamba mapatano yale yaliwafungia nje zaidi ya asilimia 90 ya wauzaji waliokuwa wakiuza mali za Apple katika soko la Amazon la nchi hiyo. Makampuni yakapinga. Tunaloliona sisi ni kwamba mlango uliojengwa kumzuia mwizi waweza kumzuia pia maskini mwaminifu, na bawabu hana sababu ya kuwatenga wawili hao ikiwa kuwafukuza wote kwamletea faida.

MLANGO WETU WENYEWE

Asidhani msomaji kwamba milango ya namna hii ni mambo ya ng'ambo tu. Umoja wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, ulioanza mwaka 1933, ulipewa nguvu na kanuni iliyowataka Wachagga wauze kahawa yao kupitia Umoja huo peke yake. Nia ilikuwa kukusanya nguvu na kupata bei bora. Lakini bei zilipokuwa mbaya, wapo wakulima waliotaka kumuuzia mfanya biashara yeyote wampendaye, na katika mwaka 1937 upinzani huo ulifika hata kwenye ghasia. Umoja ulidumu, na sifa ya kahawa yake ilivuka bahari. Hata hivyo mzee yeyote wa ushirika ajua somo lake: mlango hupata utii wa watu pale wanapoona faida yake kwao, na lazima peke yake haileti utii.

Basi turudi kwa mwanachama aliyesimama mkutanoni. Tukiona pakiti yetu mikononi mwa mtu tusiyemjua, yatupasa kujiuliza maswali matatu. La kwanza, je, kahawa iliyomo ni yetu? Ikiwa si yetu, huyo ni mghushi, na tusichelewe kumpeleka mbele ya sheria. La pili, je, iko katika hali tuliyoiuza, haijafunguliwa, haijapitwa na tarehe, haikukaa juani ikapoteza harufu? Ikiwa imeharibika, tuna haki ya kumzuia na wajibu wa kumlinda mnywaji. La tatu, je, ilitoka mlango gani? Hapa lawama yaweza kurudi kwetu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kisichoandika namba za makasha yake, ni wakala gani aliyepewa, na siku gani, hakiwezi kujua ni wakala yupi aliyeuza ziada kwa siri, wala kumdai chochote. Yule wakala alitia sahihi mapatano nasi, mchuuzi hakutia.

Majibu yakiwa kwamba kahawa ni yetu, ni nzima, na ilinunuliwa kwa fedha halali, mtu huyo hakutuibia kitu. Alinunua akauza, kama washirika wa Uingereza walivyonunua dawa na redio. Tukimwomba bawabu wa soko amfukuze kwa sababu ya bei tu, tutakuwa tumesimama mahali pale pale waliposimama watu waliowanyima washirika mali. Afadhali Kamati yetu imwite, imwulize aliwapataje wanunuzi ambao mawakala wetu hawakuwafikia, na ikiwezekana imfanye wakala kwa masharti ya wote.

Hatusemi kwamba malalamiko ya mawakala hayana msingi. Yanao, na Chama kiyajibu kwa njia iliyo mikononi mwake: kisiwauzie mawakala mizigo wasiyoweza kuimaliza, kiwalipe wanaoonjesha na kufundisha, na tarehe ya kukaangwa iandikwe juu ya kila pakiti mahali inapoonekana. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika miaka kumi iliyopita tumefikia hatua ya kuwa na jina ambalo watu wengine wanaliona kuwa lafaa kuchuuzwa. Katika miaka kumi ijayo, Mungu akipenda, tulilinde kwa daftari safi na kahawa safi, na mlango wa soko letu tuuache wazi kwa kila mtu mwaminifu.